Kompyuta Isiyozimwa

Kompyuta yangu ilikuwa na siku kumi na moja bila kuzimwa. Ilikaa mezani katika chumba cha nyuma cha saluni ya mjomba, feni yake ikikoroma kama mtu mwenye mafua. Ukutani, pale waya wake ulipoingia, nilikuwa nimebandika karatasi: TAFADHALI USICHOMOE. Chini yake mjomba aliongeza kwa kalamu yake mwenyewe: HATA WEWE.

Mjomba ni kinyozi. Alinipa kile chumba kwa sharti moja tu, kwamba muziki wangu usizidi sauti ya mashine zake za kunyolea. Sharti hilo halikunisumbua, maana mimi hata salamu huitoa kwa sauti ya chini. Kilichonisumbua kilikuwa kosa langu mwenyewe, na hilo sikumwambia mtu.

Nilipomaliza chuo nilikuwa na programu mbili za kutungia muziki mbele yangu. Moja ni ile ya bure tuliyofundishiwa, ya kijivu kuanzia juu hadi chini. Ni programu ya kuaminika, lakini kutunga ndani yake ni kama kushona huku umevaa glavu. Nyingine ni ya kulipia, na bei yake sikuthubutu hata kumtajia mama. Hiyo ilikuwa na toleo la majaribio. Nikalichukua. Siku ya kwanza tu nilipanga midundo kama mtu anayetunga shanga, na jioni nikawa na besi iliyonifanya nicheke peke yangu.

Siku ya nne ndipo nikasoma masharti. Toleo la majaribio linakuruhusu kutunga, kurekodi, kuhifadhi, hata kutoa faili ya sauti iliyokamilika. Halikuruhusu kitu kimoja tu: kufungua tena kazi uliyohifadhi. Ukishaifunga programu, kazi yako inabaki kama nguo kwenye kabati lililofungwa, na ufunguo uko dukani.

Nimesoma miaka mitatu, nina cheti chenye muhuri, na sikusoma mistari sita ya masharti. Kwa bahati nilikuwa bado sijaifunga programu, na sikuifunga. Wala sikuizima kompyuta. Betri yake ilikuwa imechoka, ikiachwa peke yake haimalizi dakika mbili. Kwa hiyo kazi yangu yote ilining'inia kwenye ule waya ukutani.

Kazi yenyewe haikuwa yangu peke yangu. Dada yangu ni mcheza dansi wa jukwaani. Mwaka mzima alikuwa nje ya kikundi kwa sababu ya goti. Siku hiyo ninayoisimulia, saa kumi na moja jioni, alitakiwa kucheza peke yake mbele ya kiongozi wao, ambaye wanamwita Mama Nane kwa kuwa kila kitu duniani anakihesabu kwa nane nane. Masharti yalikuwa muziki mpya, uliokamilika, wa dakika tatu na nusu. Akimkubali, anarudi kikundini. Asipomkubali, basi. Na "basi" ya Mama Nane haina rufaa.

Saa mbili na nusu asubuhi dada aliingia chumbani kwangu kwa mlango wa uani. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha mguu mmoja.

"Mdogo wangu, wimbo umefika wapi?"

"Umebaki mwisho. Sekunde arobaini. Zile za kuruka."

"Sitaruka."

Nilivua hedifoni. Alipandisha suruali yake ya mazoezi nikaona goti. Lilikuwa limevimba, linang'aa kama bakuli lililopakwa mafuta.

"Tangu lini?"

"Jana. Nilitua vibaya. Usinitazame hivyo, unafanana na mama." Alishusha suruali. "Nataka mwisho upungue kasi. Nishuke chini nicheze sakafuni. Ukiufanya taratibu hakuna atakayejua kwamba ni goti. Watasema ni sanaa."

"Na mwenyewe Mama Nane?"

"Akijua naambiwa nirudi nyumbani nikapumzike. Nimepumzika mwaka mzima. Nimechoka kupumzika." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Usimwambie mtu. Hata mjomba."

Hapo ndipo mjomba alipochungulia kupitia pazia, taulo begani.

"Asiambiwe mjomba nini?"

"Kwamba unakoroma," dada alisema.

"Hilo najua. Nimekuja kuwaambia jambo jingine. Fundi umeme anakuja saa tano kamili kubadilisha mita. Atakata umeme kama saa moja na nusu hivi." Aliitazama kompyuta, akanitazama mimi. "Mpwa wangu, huyu mgonjwa wako ataweza?"

Nilisema ataweza. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia.

Pazia liliposhuka nilianza kupiga hesabu. Wimbo ulikuwa na njia kumi na nne: ngoma, besi, kengele, nyuzi na nyinginezo, kila sauti na njia yake. Jana yake nilijaribu kuzitoa zote kwa pamoja. Zikafika dakika ya pili, skrini ikaganda, nikakaa mikono kifuani mpaka ilipozinduka. Sikuthubutu tena. Kompyuta ilikubali kutoa njia moja moja tu, na kila moja ilichukua dakika sita. Kumi na nne mara sita ni dakika themanini na nne. Nikishazitoa zote kwenye flashi ningezipanga ndani ya programu ya kijivu, ambayo ni yangu, inayofungua na kufunga kama mlango wa kawaida. Lakini sauti ikishatoka haibadiliki noti tena. Kwa hiyo mwisho wa dada ulipaswa kubadilishwa kwanza, ndani ya ile programu nyingine, kabla ya kuanza kutoa chochote.

"Unaweza?" dada aliuliza.

"Kaa kimya kwanza."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia hivyo tangu tuzaliwe. Akatii.

Niliivuta kasi chini. Nikaondoa ngoma nne, nikaacha moja inayogonga kwa mbali. Nikapanua sauti ile ndefu niliyoiita pazia, juu yake nikaweka nyuzi na kengele. Halafu, ili dada ajue wapi ashuke na wapi apumue, nilisogeza mdomo karibu na maikrofoni nikamrekodia hesabu kwa sauti yangu kwenye njia ya ngoma moja niliyoifuta, nane mara tano, polepole. Kwenye saba ndipo uzito ungehamia mguu mbovu, kwa hiyo badala ya saba nilimkumbusha. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, goti, nane." Ilikuwa ya kumwongoza yeye tu, ya kufanyia mazoezi, kisha ningeifuta.

Nilipomaliza ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Nilibakiwa na dakika sabini za kufanya kazi ya dakika themanini na nne.

"Fundi umeme gani anawahi," dada alisema. "Tangu lini?"

Nilianza na hesabu, kwa kuwa dada aliihitaji. Ilipotoka nikampa kwenye simu, akaenda uani kufanya mazoezi amejishikiza kwenye kamba ya kuanikia. Halafu ngoma, moja baada ya nyingine. Halafu besi. Nyuzi, kengele na pazia niliziweka mwisho kabisa, maana hizo ni za kupamba. Kila mstari wa kijani uliposogea kwenye skrini, nami nilisogea mbele kwenye kiti, kana kwamba naweza kuusukuma.

Saa nne na nusu nilisikia sauti ngeni pale mbele.

"Mzee, shikamoo. Mimi ndiye wa mita."

Njia ya saba ilikuwa nusu. Nilisimama, nikakaa. Nilitaka kutoka nikamwombe asubiri, lakini nikabaki nimeushika waya ukutani. Mimi mtu nisiyemjua huanza kuzungumza naye moyoni siku mbili kabla. Kwenye upenyo wa pazia niliona kofia ya plastiki ya njano na boksi la vifaa likishushwa chini.

"Marahaba. Si ulisema saa tano?"

"Kazi ya kule kwingine imeahirishwa. Nikate sasa hivi, nikuachie mapema."

Mjomba alikung'uta taulo lake. Nilijua anatazama pazia.

"Kijana wangu," alisema, "ndevu hizo unaenda nazo wapi?"

"Ndevu gani?"

"Hizo. Kulia zinaelekea mashariki, kushoto zinaelekea kwao. Mtu wa ofisi ya umeme. Wateja wanakufungulia mlango kweli?"

"Hufungua wakiwa gizani, mzee."

"Kaa hapa. Ni zawadi. Siwezi kufanyiwa kazi na mtu aliye hivyo, watu watasema nilimwona nikanyamaza."

Kiti kililia. Mashine ya kunyolea ikawaka. Nikaweka paji la uso mezani nikashukuru bila sauti. Hakuna mtu anayeweza kukata umeme akiwa amenyolewa shavu moja.

Mjomba hufyeka kichwa kizima kwa dakika kumi na mbili, nimempimia mara nyingi. Siku hiyo alinyoa kama anayechonga kinyago. Alisimamisha mashine, akapuliza meno yake, akarudi nyuma kutazama. Aliuliza habari za mke, za watoto, za mita. Njia ya nane ikatoka. Ya tisa ikatoka. "Mzee, si inatosha?" fundi aliuliza. "Upande huu umetosha," mjomba akamjibu. Ya kumi ikatoka. Ya kumi na moja ilipogonga mwisho, saa ilikuwa tano kasoro dakika nne, na nilianza kuamini. Nilianza ya kumi na mbili. Pazia.

Taa ikapepesa. Mara moja tu, kama jicho lililoingia vumbi.

Kuna kitu mjomba hufanya. Miaka ile umeme ulipopepesa na kuunguza mashine zake tatu kwa mpigo, aliapa hautamwonea tena. Tangu siku hiyo taa ikipepesa, awe anafanya nini, awe na nani, mkono wake unakwenda kwenye swichi kuu iliyo kando ya kioo na kuishusha. Kisha anahesabu hadi mia, kwa sauti, ndipo anaipandisha. Nilimwomba aache kwa siku zile. Aliahidi, na naamini aliahidi kwa moyo. Lakini mkono hakuuambia.

Klak.

Feni ya ukutani ikazubaa. Mashine ikanyamaza. Na mjomba akaanza, "Moja, mbili, tatu, nne..."

"Mjomba," niliita. Ilitoka kama mnong'ono.

Betri ilikuwa na asilimia tano. Mstari wa kijani ulikuwa robo. Alipofika ishirini, ilikuwa tatu.

"Mjomba."

"Thelathini na moja, thelathini na..." Akakatika. Nikasikia kitana kikianguka. "Yarabi. Mtoto."

Klak. Swichi ilipanda. Skrini ilikuwa nyeusi tayari. Nilijiona ndani yake, mdomo wazi.

Mjomba alikuja akasimama mlangoni, mashine mkononi, waya ukiburura. Nyuma yake fundi umeme alichungulia, upande mmoja laini kama yai na upande mwingine msitu.

"Mkono tu, mpwa wangu," mjomba alisema. "Mkono umenitangulia."

Nilimgeuzia mgongo. Sikuwa na hasira naye, nilikuwa nalia na sikutaka mgeni aone. Dada aliingia kutoka uani, akaelewa bila kuambiwa, akaichomoa flashi na kuifunga kiganjani kama anayeipasha joto.

"Zimo ngapi?"

"Kumi na moja."

"Zipi hazimo?"

"Nyuzi. Kengele. Pazia." Nilifuta pua. "Mwisho wako wote, dada. Pale chini umebaki na ngoma moja na besi inayopita mara mbili. Na mimi nikihesabu."

Fundi alimaliziwa ndevu kwa wembe, akakata umeme. Katika kile chumba cha joto nilimpigia simu mwenzangu wa chuo, tunamwita Desibeli. Nilimpa habari yote kwa pumzi moja.

"Ninayo ile ya kulipia, imevunjwa kufuli," alisema. "Inafungua mpaka faili za majaribio. Njoo nayo."

"Inafungua kila mara?"

"Mara nyingi."

"Na ile miradi yako ya mwaka jana, iliyopotea?"

Alikohoa. "Ile ilikuwa bahati mbaya. Inakula faili mara moja moja. Lakini si kila mara."

Kwake kwenda na kurudi ni mwendo wa saa tatu. Dada alikuwa amesimama mbele yangu, anajitahidi kutouegemea ukuta. Programu moja ilikuwa na wimbo wangu wote na huenda ikafungua. Nyingine ilikuwa na njia kumi na moja na ingefungua. Siku kumi na moja nilikuwa nimeishi na "huenda", nikila kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika waya.

"Acha," nilimwambia Desibeli. "Nitatumia ya kijivu."

"Itakuwa kavu."

"Iwe kavu."

Umeme ulirudi saa sita na nusu. Nilizipanga njia zangu kumi na moja kwenye ile ya kijivu, zikalala sambamba kama mistari ya daftari. Dakika mbili na sekunde hamsini za mwanzo zilisimama vizuri. Kisha zikafika sekunde arobaini za mwisho, pakawa kama nyumba iliyohamwa. Nikajaribu kuijaza kwa ala za humo humo, zikasikika kama vyombo vya mtu mwingine. Nikaziondoa. Mwishowe niliiwasha ile njia ya hesabu, kwa kujaribu tu. Ngoma moja kwa mbali, na sauti ya mtu anayemnong'oneza mwenzake gizani.

Dada alisikiliza hadi mwisho.

"Iache hiyo."

"Ni mimi, dada. Nahesabu. Watu watanisikia."

"Ndiyo, ni wewe. Iache." Halafu uso ukambadilika. "Lakini umesema goti. Mara tano."

Nilijaribu kurekodi upya, safari hii na saba. Fundi alikuwa ameanza kutoboa ukuta kwa drili ili kuhamisha waya, na kila nilipofungua mdomo ukuta ulinijibu. Saa tisa ikafika. Nikaamua kukata. Neno kwa neno, mara tano, nikabana ukingo mpaka "goti" likapotea, na mahali pake pakabaki kimya cha sekunde moja. "Tano, sita... nane." Kilikaa kama pumzi. Nikajidanganya kwamba ndivyo nilivyokusudia.

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa ghorofani, sakafu ya mbao, kioo upande mzima. Mama Nane alikaa kwenye kiti cha plastiki, miwani kwenye kamba shingoni. Aliitikia salamu yetu akaonyesha spika. Nilichomeka flashi, nikarudi kwenye kona yangu na kuikumbatia kompyuta.

"Haya."

Dada alicheza. Dakika mbili za kwanza nilisahau kuogopa, kwa sababu ngoma ziligonga na mwili wake ukazijibu kana kwamba ni yeye anayezipiga. Kisha kasi ikashuka. Sauti yangu ikaujaza ukumbi, nami nikatazama viatu vyangu. Dada alishuka sakafuni. Kwenye kila kimya alihamisha uzito, na kwenye kila kimya niliona taya lake likikaza. Mara ya tano alisimama, akainamisha kichwa, ikaisha.

Mama Nane alivaa miwani. Hakumtazama dada. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye unayehesabu?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

"Mbona huna saba?"

Dada alikuwepo mara mbili, yeye na taswira yake kiooni, akinitazama. Macho yake yaliniomba jambo moja.

"Ni... mtindo, mama."

"Miaka thelathini nahesabu nane. Aliyenyamaza anapumua, na aliyekatwa hapumui. Hapo umekata neno. Neno gani?"

Ningeweza kusema lolote. Ningesema "saba". Lakini nilikuwa nimeuona uso wa dada mara ya tano, na nilijua akikubaliwa leo ataruka kesho, na kesho kutwa, kwa ajili ya siri niliyomsaidia kuificha.

"Goti," nilisema.

Dada alifumba macho. Nje, chini barabarani, mtu alikuwa anapiga honi bila kukoma.

"Nilijua tangu anapanda ngazi," Mama Nane alisema. "Nilikuwa nangoja nani ataniambia. Nilidhani ni yeye." Alimgeukia dada. "Kaa chini. Nani amekuruhusu usimame?" Kisha kwangu, "Lirudishe."

"Nini, mama?"

"Neno. Kama bado unalo."

Nilipiga magoti sakafuni, nikaichomeka kompyuta ukutani na kwenye spika, nikaiwasha. Ilichukua muda wake. Nikabonyeza kazi niliyoihifadhi saa tisa na nusu, na kwa hofu niliyoizoea nikangoja dirisha la kunikatalia. Halikuja. Njia kumi na moja zikajipanga, za kijivu, kila moja mahali nilipoiacha. Nilishika ukingo wa kipande cha kwanza nikauvuta, na neno likachomoza lilipokuwa limejificha, zima. Nikavuta la pili. La tatu. Yote matano.

"Tano, sita, goti, nane," ukumbi ukasema.

Safari hii dada alifanya mwisho tu, na hakuficha kitu. Kila lilipotajwa aliliwekea mkono, kama unavyoshika kichwa cha mtoto anayevuka barabara. Mama Nane alihesabu naye kwa midomo, bila sauti, na nilipomwangalia vizuri niliona kwamba naye hakuwa anasema saba.

"Kesho daktari," alisema ilipokwisha. "Cheti nikione mimi, si simu. Daktari akikataa, utakaa hapa kando yangu umfundishe mwingine. Akikubali, kucheza kwako ni sakafuni, na mwisho huu hakuna wa kuugusa. Onyesho liko baada ya wiki tisa."

"Nimerudi?" dada aliuliza.

"Si nimekwambia kaa chini?"

Kwenye ngazi dada alishuka peke yake ghorofa nzima ya kwanza, ameshika ukuta. Ya pili aliniwekea mkono begani, na uzito wote ukanijia mimi.

"Msaliti," alisema.

"Najua."

"Shika vizuri basi, nisianguke."

Tulimkuta mjomba amekaa kwenye kiti chake cha wateja, anatungoja na nywele za watu miguuni. Dada alimsimulia. Mimi nilipita kwenda chumbani, nikabandua ile karatasi ukutani na kuikunja. Nikaifunga programu. Nikaizima kompyuta mwenyewe, kwa kidole changu, na feni ikashuka polepole hadi ikaacha kabisa. Sikuwa najua kwamba saa ya ukutani ya chumba kile hulia tik tak.

Nilikaa dakika moja. Halafu nikaiwasha tena, kuhakikisha.

"Ipo?" mjomba aliuliza nyuma ya pazia.

"Ipo."